Doa Libakialo: Chunusi, Zebaki na Mkorogo

Watoto wa pwani hukatazwa kuogelea peke yao penye kina kirefu, na sababu wanayopewa si mkondo wa maji wala kuchoka kwa mikono. Wanaambiwa yupo chunusi, pepo wa majini amshikaye mtu mguu na kumvuta chini asionekane tena. Kamusi za Kiswahili huliandika neno hilo mara mbili: kwanza kwa maana ya pepo huyo, kisha kwa maana ya vipele vimtokavyo kijana usoni aingiapo utu uzima. Lugha ilipopanda bara, maana ya kwanza ilibaki ufukoni. Olasiti, kata iliyo upande wa magharibi wa jiji la Arusha, jirani na uwanja wa ndege wa jiji hilo na barabara iendayo Kisongo, haina bahari ya kumtia mtu hofu ya pepo. Ina vumbi la kiangazi, jua kali la mwinuko wa mita zipatazo 1,400, na juu ya mawingu kilele cha Mlima Meru. Huko chunusi ni jambo la uso tu.

Ni kata ya watu waliokutana. Mashamba ya mahindi na maharage yamepakana na nyumba mpya za matofali za waliohamia kutoka mikoa mbalimbali, na katika duka moja husikika Kimaa cha Waarusha, Kichaga na Kiswahili. Penye kituo cha daladala duka la vipodozi halikosekani. Ndani yake mna sabuni, losheni na mafuta ya kujipaka. Na kama yalivyo maduka ya namna hiyo kote nchini, pengine chini ya meza mna vikopo visivyo na jina, vyenye krimu iliyochanganywa na mtu asiyejulikana. Kijana aingiaye humo na chunusi zake mara nyingi haulizi zitakwisha lini. Huuliza madoa yataondokaje. Katika swali hilo ndimo ilimo historia ya ugonjwa huu kwa watu weusi, nayo ni historia ambayo vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani vilichelewa sana kuieleza, kwa kuwa viliandikwa na watu ambao shida yao ilikuwa kipele chenyewe, si alama ambayo kipele huiacha nyuma yake.

Kipele chenyewe kina asili isiyo na siri kubwa. Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo zimo tezi ndogo zitoazo mafuta, kila moja ikiwa imeungana na kitundu cha unywele. Mtoto anapobalehe, homoni za kiume, ambazo wasichana nao wanazo kwa kiasi chao, huziamsha tezi hizo zikamimina mafuta kuliko hapo kwanza. Wakati huohuo chembe za ngozi zilizokufa, ambazo zilipaswa kutoka nje na kupukutika, hugandamana ndani ya kitundu na kukiziba. Mafuta yakikosa njia hujikusanya. Humo huishi bakteria ambaye kwa miaka mingi wataalamu walimwita Propionibacterium acnes, na tangu mwaka 2016 wamempa jina la Cutibacterium acnes. Yeye ni mkazi wa ngozi za watu wote, wenye chunusi na wasio nazo. Lakini katika kitundu kilichozibwa hustawi, na mwili humjibu kwa joto, uvimbe na usaha. Urithi wa wazazi una nguvu kubwa katika jambo hili, na ndiyo maana wawili walao chakula kimoja na kuogea sabuni moja, mmoja huwa na uso laini na mwenziwe akateseka miaka kumi.

Kitundu kikizibwa na mdomo wake ukabaki wazi, huonekana nukta nyeusi. Nukta hiyo ndogo imesababisha dhuluma isiyolingana na ukubwa wake, maana watu waliiona nyeusi wakahukumu kuwa ni uchafu. Si uchafu. Weusi wake unatokana na melanini, rangi ileile ipatikanayo katika ngozi na nywele, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Dodoki na sabuni kali haviiondoi. Hukwangua ngozi iliyo kando yake na kuongeza uvimbe pasipokuwa na uvimbe. Mama amsuguaye mwanawe uso kila asubuhi kwa nia njema anaukoleza ugonjwa anaotaka kuufuta. Kukamua nako ni hivyohivyo: usaha mwingine hutoka nje, mwingine hupasukia ndani, na kilichopasukia ndani ndicho kiachacho kovu.

Juu ya chakula ubishi haujesha. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Loren Cordain walichapisha habari za kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea, ambako kati ya watu 1,200 waliochunguzwa hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Watu hao walikula viazi, matunda, samaki na nazi, wala hawakuzoea sukari na unga mweupe. Msomaji wa visiwani atatabasamu kuona samaki na nazi vikisifiwa na wataalamu wa mbali. Miaka 3 baadaye Clement Adebamowo, daktari Mnaijeria aliyekuwa akifanya utafiti Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa matokeo ya wauguzi 47,355 walioulizwa walikula nini walipokuwa shule ya sekondari, na maziwa yakaonekana kufuatana na chunusi. Kufuatana si kusababisha, na kumbukumbu ya chakula cha ujanani ni shahidi dhaifu. Hata hivyo swali ni zito kwa watu wa Meru na nyika zake, walioishi kwa maziwa vizazi na vizazi. Inavyoelekea jibu liko zaidi katika sukari iliyokuja na soda, mandazi na chai yenye vijiko vinne kuliko katika kibuyu cha maziwa mgando. Lakini hilo ni la kupimwa, si la kuapiwa.

Kabla ya vipimo hivyo watu walikuwa na maelezo yao, na karibu yote yalikuwa ya kumlaumu mwenye uso. Pwani kijana aliyetokwa na chunusi aliambiwa damu yake inachemka na kwamba akioa zitaisha. Msichana aliambiwa anawaza mume. Ulaya nako madaktari wa karne ya 19 waliandika mambo yaliyokaribiana na hayo kwa lugha ya kitabibu, wakavitisha vizazi viwili vya vijana. Neno lao wenyewe, acne, wataalamu wengi hudhani limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kilele lililokosewa katika kunakili, yaani kilele cha umri, wakati wa kuchanua. Ni bahati mbaya kwamba ugonjwa wenye jina la kuchanua ulifanywa ushahidi wa tabia mbovu.

Dawa za pwani zilikuwa na upole kuliko maneno ya pwani. Mwanamke alisaga liwa kwa maji juu ya jiwe, akajipaka usoni ikapoa na kunukia. Bibi harusi alisingwa kwa singo ya maua, karafuu na manjano. Katika hayo yote kulikuwa na jambo moja ambalo leo lina thamani ya kukumbukwa. Liwa huoshwa, na uso urudio baada ya kuoshwa ni uleule aliozaliwa nao mtu. Urembo ule ulijua mpaka wake. Haina maana kwamba jamii ya zamani haikuwa na ukatili wa sura. Siti binti Saad, mwimbaji aliyetoka Fumba na kufariki mwaka 1950, alidhihakiwa na mahasidi kwa asili yake ya shamba na kwa kukosa uzuri wa uso, naye akawajibu kwa wimbo kwamba hoja ni akili na mwenendo. Rangi nayo ilikuwa na daraja zake. Sifa ya maji ya kunde haikuzaliwa jana, na biashara ya utumwa ilikwisha kuufundisha mji mzima nani aitwe mzuri. Lakini daraja hizo zilikuwa za kuzaliwa nazo. Hapakuwa na duka la kuzinunua.

Hapa ndipo linapoingia doa. Katika ngozi nyeupe chunusi iliyopona huacha wekundu unaofifia. Katika ngozi nyeusi uvimbe huzichochea chembe zitengenezazo melanini, nazo humwaga rangi kupita kiasi mahali pale palipoungua. Kipele kikisha kupona huacha baka jeusi la ukubwa wa punje ya kunde au zaidi. Baka hilo halina usaha wala maumivu. Kwa daktari wa Ulaya wa karne iliyopita lilikuwa si ugonjwa kabisa. Kwa msichana wa sekondari huko Arusha ndilo ugonjwa wote, kwani kipele hukaa wiki mbili na baka hukaa miezi, na kabla halijafifia kipele kingine kimekwisha kutoa jingine. Wavulana nao, waanzapo kunyoa, huongezewa vipele vya ndevu, ambavyo si chunusi hata kidogo: ni unywele uliojipinda na kurudi kuchoma ngozi ulikotoka. Hivyo navyo huacha weusi uleule shingoni na kidevuni, na lawama yote humwangukia kinyozi.

Upungufu wa elimu ya tiba juu ya ngozi hizi una tarehe. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick wa Harvard alitunga kipimo cha aina za ngozi kwa namna ziungavyo na jua, kipimo ambacho hadi leo hufundishwa duniani kote. Mwanzoni kilihesabu ngozi nyeupe peke yake. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, mwishoni mwa orodha. Vitabu vya picha viliendelea kumfundisha mwanafunzi kutafuta wekundu mahali ambapo wekundu hauonekani. Ilipofika mwaka 2020 ndipo Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mjini London aliyezaliwa Zimbabwe, pamoja na walimu wake wawili, walipotoa kijitabu cha kuonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi, kwa kuwa katika masomo yake alikuwa haoni ngozi kama yake. Katika pengo hilo la miaka mingi, la watu waliokuwa na shida isiyo na jina hospitalini, ndimo wafanyabiashara walimopita.

Wa kwanza kupita alikuwa na zebaki. Chumvi za zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, na zilitiwa katika krimu na sabuni zilizouzwa kwa maneno ya kupendeza: kuondoa chunusi, kuondoa madoa, kung'arisha. Aliyepaka aliona kweli baka likififia, akasadiki. Zebaki lakini haikai juu ya ngozi. Hupenya, hufuata damu, hutua katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi, R. D. Barr na wenzake, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchunguzi wa wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi walipoacha krimu, figo zilirudi katika hali yake. Hapana shaka kwamba uchunguzi huo ni miongoni mwa kazi kubwa za tiba zilizofanyika Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba majina ya krimu yalijulikana mitaani kuliko matokeo yake.

Lililofuata ni la aibu zaidi. Mwaka 1976 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wao. Viwanda vya huko havikufungwa. Viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki kwa ajili ya kusafirishwa, na soko lake lilikuwa Afrika. Marufuku ya kuzisafirisha ilikuja mwaka 2003. Kwa miaka 27 sabuni iliyokuwa sumu upande mmoja wa bahari ilikuwa urembo upande wa pili.

Mpitaji wa pili alitoka maabara. Haidrokwinoni ina historia ya ajabu: mnamo mwaka 1939 iligunduliwa huko Marekani kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama, miongoni mwao watu weusi, walikuwa wakipoteza rangi ya mikono kwa sababu ya kemikali ya jamii hiyo iliyokuwamo katika glavu zao za mpira. Jeraha la kazini likawa wazo la biashara. Na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zilianza kupakwa juu ya ngozi mwaka 1952, zikawaponya watu wengi wenye ukurutu na maradhi mengine. Hakuna haja ya kuzilaani dawa zilizotumiwa mahali pake.

Aliyeziunganisha ni mtu yuleyule aliyeifahamisha dunia mengi juu ya chunusi. Albert Kligman, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ndiye aliyeonyesha mwaka 1969 kwamba tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, huzibua vitundu vya ngozi. Mpaka leo ni miongoni mwa tiba bora. Mwaka 1970 yeye na wenzake walieleza chunusi za kipaji cha uso walizoziona kwa wanaume weusi wa Philadelphia, zilizotokana na mafuta mazito ya nywele yateremkayo usoni kwa joto, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa saluni katika miji yetu atalitambua mara moja. Lakini elimu hiyo ilikuwa na bei. Kati ya mwaka 1951 na 1974 Kligman alifanya majaribio katika gereza la Holmesburg, juu ya miili ya wafungwa ambao wengi walikuwa weusi, waliolipwa vijisenti na hawakuelezwa wanachopakwa. Allen Hornblum aliandika habari zao katika kitabu chake Acres of Skin cha mwaka 1998. Kligman alifariki mwaka 2010 pasipo kuomba radhi. Kitivo cha tiba cha chuo chake kiliomba mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022.

Mwaka 1975, mwaka uleule wa kipimo cha Fitzpatrick, Kligman na Isabel Willis walichapisha kanuni ya kuondoa rangi ya ngozi: tretinoini, haidrokwinoni na steroidi katika mchanganyiko mmoja. Ngozi ya kawaida ya wanaume weusi, isiyo na ugonjwa, ilipoteza rangi yake kwa kupakwa kila siku muda wa wiki 5 hadi 7. Madaktari waliichukua kanuni hiyo, wakaipunguza nguvu, na hutibu nayo madoa kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Na katika mwaka huohuo wa 1975, G. H. Findlay na wenzake huko Afrika Kusini walichapisha picha za wanawake waliotumia krimu za haidrokwinoni kwa miaka, ambao badala ya kung'aa nyuso zao zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu ya buluu, zenye vipele vidogo vigumu kama mchanga, zisizotibika. Kanuni na onyo lake vilitoka pamoja. Kilichosafiri mbio ni kanuni.

Haihitajiki kusema kwamba wachanganyaji wa mitaani walisoma jarida la Marekani. Walifika mahali palepale kwa njia ya kujaribu: krimu ya kung'arisha yenye haidrokwinoni, mrija wa steroidi ulionunuliwa duka la dawa bila cheti, na pengine kitu kikali cha kubandua ngozi. Kiswahili, ambacho hakina haya, kikaupa mchanganyiko huo jina la mkorogo, kutokana na kukoroga, kama mtu akorogavyo uji au mambo. Tendo lenyewe kikaliita kujichubua. Yafaa kulitazama neno hilo kwa utulivu. Kuchubua ni kutoa ganda la juu, kama la mti au la goti la mtoto aliyeanguka. Na umbo la kujirejea linamfanya mtendaji na mtendwa kuwa mmoja. Watu walioliunda walijua kinachotendeka kabla ya maabara yoyote kuwaambia. Wenye kukosoa huishia kwenye kicheko cha neno hilo, wakasema wanawake hawa wanautaka uzungu. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Kelly Lewis walipochapisha majibu ya wanawake wa Dar es Salaam wanaojichubua, miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwamo hii: kuondoa chunusi, vipele na maradhi ya ngozi. Na ilikuwamo nyingine ya kutisha zaidi: kuondoa madhara yaliyoletwa na kujichubua kwenyewe.

Sababu hizo mbili zikiunganishwa zinaeleza mzunguko mzima. Mtu huanza na chunusi chache na madoa yake. Hupaka mkorogo, na kwa kuwa steroidi hutuliza uvimbe upesi, katika siku chache uso hulainika na kung'aa, majirani husifu. Kisha steroidi ileile huanza kazi yake nyingine. Ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, nywele huota pasipo pake, michirizi hutokea mapajani na mikononi, na usoni hufumka chunusi mpya, nyingi, zote za umbo na umri mmoja, zisizofanana na zile za ujanani. Aliyeanza kwa kutafuta dawa ya chunusi sasa anazo zilizotengenezwa na dawa. Akiacha kupaka, uso huwaka moto, huvimba na kuwasha kwa wiki kadhaa, kama mwenye deni anayedaiwa yote kwa siku moja. Naye huona kwamba krimu ndiyo iliyokuwa ikimsaidia, akairudia. Juani, ngozi isiyo na kinga yake ya melanini huungua na kutoa mabaka mapya. Daktari wa upasuaji naye hulalamika kwamba ngozi ya namna hiyo ikishonwa haishiki na kidonda chake hukawia kufunga. Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ndani kipande cha mti. Hapa hata mkakasi wenyewe umeliwa.

Sheria haikukosekana. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na Zanzibar ya kwake mwaka 2006. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zikakatazwa katika vipodozi, na shehena zikakamatwa na kuchomwa moto mbele ya kamera. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Bara ulihamishiwa Shirika la Viwango. Mkataba wa Minamata, wenye jina la mji wa Japani ulioangamizwa na zebaki, ulitiwa saini mwaka 2013, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kile kiasi kidogo kilichoruhusiwa katika vipodozi ifikapo 2025. Yote hayo ni mema. Lakini sheria hukamata kopo lenye jina na kiwanda; mkorogo hauna kiwanda. Na steroidi haziwezi kupigwa marufuku kwa kuwa ni dawa halali. Zaidi ya hapo, marufuku humwambia kijana asipake nini, ilhali yeye alikwenda dukani kwa sababu hakuna aliyemwambia apake nini.

Wa kumwambia wapo, na hawako mbali. Kutoka Olasiti basi hupita katikati ya jiji, likafuata Tengeru na Usa River, likavuka Maji ya Chai. Jina hilo lina mafunzo yake. Maji ya miteremko ya Meru hutoka katika mawe ya volkano yakiwa na floraidi nyingi, na watoto walioyanywa hukua na meno yenye rangi ya kahawia isiyosuguliwa na mswaki wowote. Hakuna ushahidi kwamba maji hayo huleta chunusi, ingawa wapo wanaoyasingizia. Ila watu wa huko wamezoea kuona kijana msafi, mwenye kupiga mswaki asubuhi na jioni, akidhaniwa mchafu na mgeni kwa sababu ya alama aliyopewa na ardhi yake. Wao wanajua kwamba doa laweza kukosa hatia. Inashangaza kwamba ujuzi huo wa meno haukuhamia usoni.

Mwisho wa safari hiyo, yapata kilomita 90, ni Moshi. Hapo, katika hospitali ya KCMC, mwaka 1992 kilifunguliwa kituo cha kufundisha tiba ya ngozi kwa ajili ya Afrika, kwa msaada wa taasisi ya kimataifa ya madaktari wa ngozi. Waanzilishi wake walifanya uamuzi wa busara: hawakungoja kupata madaktari bingwa, ambao hata leo ni wachache, bali waliwachukua matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za bara hili, wakawafundisha miaka miwili na kuwarudisha makwao. Mwanafunzi wa Moshi hajifunzi kutafuta wekundu. Anajifunza ngozi alizozaliwa nazo. Hapo pia, katika miaka ya 2010, ilianza kutengenezwa krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi iliwaua wengi wakiwa bado vijana. Na kinga ya jua hiyohiyo ndiyo iliyo nusu ya tiba ya doa, kwa kuwa mwanga hulikoleza kila siku lile ambalo mwili unajaribu kulifuta.

Tabibu wa ngozi ajuaye kazi yake haanzi kwa kutazama. Huanza kwa kuuliza umepaka nini, na humwomba mgonjwa arudi na vikopo vyote, hata vile visivyo na jina. Kisha steroidi hupunguzwa taratibu badala ya kukatwa ghafla, chunusi hutibiwa kwa dawa za kuzibua vitundu na kupunguza bakteria, na kwa zile kali mno kuna vidonge vya isotretinoini, vilivyoanza kutumika mwaka 1982 na visivyopewa kamwe mwanamke mjamzito, kwani humlemaza mtoto tumboni. Doa lililo juu ya ngozi huachwa lifanye safari yake, miezi sita, pengine mwaka, chini ya kofia na kinga ya jua. Hilo ndilo gumu kumweleza mwenye umri wa miaka 16, ambaye ana sherehe ya kidato cha nne mwezi ujao, na ambaye amekwisha kuambiwa dukani kwamba ni wiki moja tu.